Boksi moja la bolti, Korogwe na Pangani

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni fundi wa mageti na madirisha ya chuma, niko Tanga mjini. Mwaka jana nilinunua boksi la bolti za M10, zenye kipenyo cha milimita 10, za njano, zile zinazong'aa kama dhahabu. Nusu nilifungia geti la mteja wa Korogwe, nusu nikafungia geti la nyumba ya wageni ufukweni upande wa Pangani, hatua kama sitini kutoka majini. Za Korogwe hadi leo ni kama mpya. Za Pangani, mwezi wa pili tu zilitoa unga mweupe, na mwezi wa tano zikawa nyekundu na kuanza kuchirizisha kutu kwenye rangi ya geti. Muuzaji ananiambia njano ndiyo bora kuliko nyeupe. Je, ameniuzia feki? Na nikiipata hiyo dawa ya njano, naweza kuzichovya upya mwenyewe? Nimeona kwenye simu mtu anapaka zinki kwa betri ya gari na ndoo.

Jibu: Marahaba, fundi. Umefanya jaribio zuri bila kukusudia: boksi moja, mkono mmoja, mageti mawili, hewa mbili. Kwa hiyo tuanze na kilichotofautiana, ambacho ni hewa, halafu ndipo tumgeukie muuzaji.

Bolti yako ina vitu vitatu. Katikati kuna chuma. Juu yake kuna zinki, iliyowekwa kwa umeme. Juu ya zinki kuna utando wa kromati, yaani wa mchanganyiko wenye kromu, na huo ndio unaoleta rangi ya njano. Kila kimoja kinamlinda wa chini yake: utando unailinda zinki, zinki inakilinda chuma. Watu wengi huruka hapo katikati, wakadhani njano ndiyo inayozuia kutu ya chuma. Ule unga mweupe uliouona mwezi wa pili ni zinki ikiliwa, maana yake utando ulikuwa umeshashindwa. Wekundu wa mwezi wa tano ni chuma chenyewe, maana yake zinki imekwisha mahali hapo. Ukizisoma dalili hizo mbili kwa mpangilio huo, huhitaji maabara kujua kilichotokea.

Zinki inakilinda chuma kwa namna ya pekee. Kwenye jedwali la kemia zinki iko kwenye volti −0.76 na chuma kwenye −0.44, yaani zinki ni nyepesi zaidi kuachia elektroni zake. Vikigusana penye unyevunyevu wenye chumvi, zinki huliwa na chuma husalimika, hata pale palipokwaruzwa na spana, ilimradi mkwaruzo si mpana na zinki bado ipo jirani. Nikeli, kromu ya kung'aa na shaba hazina tabia hiyo. Hizo hukifunika chuma tu, na zikitoboka hata kitundu cha ncha ya sindano, ni chuma ndicho kinachotolewa kafara, tena kinachimbwa kwa kasi hapo penye kitundu. Angalia usukani wa baiskeli ya zamani: kromu inang'aa pembeni, na katikati kuna vidonda vyekundu. Kwa hiyo mteja akikushauri uweke bolti za kromu "kwa kuwa zinapendeza", mkatalie.

Sasa unene, ambao ndio kiini cha jibu langu. Bolti ya M10 ya dukani iliyopakwa zinki kwa umeme huwa na mikroni 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ikizidi sana 8. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa mikroni kama 100, kwa hiyo zungumzia sehemu ya ishirini ya karatasi. Na usidhani ni ubahili mtupu. Uzi wa M10 wa kawaida huchongwa ukiwa mwembamba kwa mikroni 32 kuliko kipimo kamili ili nati ipite. Kwa umbo la mteremko wa uzi, kila mikroni moja ya zinki inaongeza mikroni nne kwenye kipenyo cha uzi. Gawanya 32 kwa 4, unapata 8. Ukizidisha hapo, nati inakwama. Anayekuahidi bolti ya M10 yenye mikroni 20 za zinki ya umeme, tena na nati ya kawaida inayoingia kwa vidole, hajui anachouza au anajua vizuri sana.

Jinsi zinki inavyowekwa nayo inaeleza mengi. Bolti humwagwa kwenye pipa lenye matundu linalozunguka ndani ya maji yenye chumvi ya zinki, zikiungwa kwenye upande hasi wa umeme. Ampea moja kwa saa moja hushusha gramu 1.22 za zinki. Katika eneo la desimita moja ya mraba, kiganja cha mkono hivi, hizo ni mikroni 17. Lakini ndani ya pipa bolti zimesongamana, na umeme unaozifikia mara nyingi ni kama nusu ampea kwa eneo hilo. Kwa hiyo mikroni 8 zinadai karibu saa nzima, na mikroni 5 dakika kama 35. Mwenye haraka akizitoa baada ya dakika 20, hata 3 hazifiki. Baada ya hapo zote zinaingia kwenye dawa ya njano kwa sekunde chache, nusu dakika hivi. Ya dakika 20 na ya saa nzima zinatoka zinang'aa sawasawa! Macho hayawezi kuzitofautisha. Hapo ndipo mahali pa kudanganyia, kama kuna udanganyifu.

Tena umeme hupenda pembe na ncha. Kichwa cha bolti na mwisho wake hupata zinki nyingi, katikati ya bolti na ndani ya mabonde ya uzi hupata kidogo. Ndiyo maana kutu nyekundu mara nyingi huanzia kwenye uzi, hasa pale nati ilipokwangua wakati wa kukaza.

Na ile njano? Ni kemia ya kuvutia kweli, na mimi nimeipenda tangu siku ya kwanza nilipoiona. Dawa yake ya zamani ni tindikali yenye kromu ya hali ya sita, yaani iliyopoteza elektroni sita. Bolti ikiingia, tindikali inaila zinki kidogo sana. Hapo usoni pa zinki tindikali inapungua, kromu ya sita inageuka kuwa kromu ya tatu, nayo inaganda kama uji mwepesi, utando usiozidi mikroni moja hivi. Ndani ya uji huo kunabaki kromu ya sita kidogo iliyonaswa. Hiyo ni akiba. Ukiukwaruza utando na unyevu ukaingia, akiba hiyo huyeyuka, ikatambaa hadi kwenye mkwaruzo na kuuziba upya. Utando mweupe wenye mng'ao wa buluu ni mwembamba mno, sehemu ndogo tu ya mikroni. Kwenye chumba cha majaribio cha ukungu wa chumvi, ule wa kiwango cha ISO 9227 wenye chumvi asilimia 5 na nyuzi joto 35, njano nzuri ya kromu ya sita hukaa saa 72 hadi 96 kabla ya unga mweupe kutokea, ilhali nyeupe ya kawaida huishia mapema zaidi. Kwa hilo muuzaji wako hakusema uongo. Ila saa hizo ni za kulinganisha bolti na bolti. Hakuna hesabu ya kuaminika inayogeuza saa za chumba kile kuwa miaka ya Pangani.

Utando huo una udhaifu mmoja ambao wewe mchomeleaji unapaswa kuujua: haupendi joto. Ni uji wenye maji ndani yake, na ukipita nyuzi 60 hivi maji yanatoka, unapasuka nyufa nyufa kama tope la bwawa wakati wa kiangazi, na ile akiba ya kromu ya sita haiwezi tena kutambaa. Nililijifunza hili kwa aibu. Kiwandani nilipoanzia kazi, masika moja bolti hazikuwa zikikauka, na mteja alikuwa mlangoni. Nikaamuru ziingizwe kwenye tanuri la nyuzi 100. Zilitoka zimekauka, njano yake nzuri kabisa, tukazifungasha. Baada ya wiki chache zikarudi zote na unga mweupe, na msimamizi wangu hakusema neno. Aliziweka tu mezani kwangu zikakaa hapo mwezi mzima.

Kwa hiyo nikuulize: hukupiga kidoti cha kuchomelea kwenye nati ili mwizi asifungue? Mafundi wengi wa mageti hufanya hivyo, na siwalaumu, wezi wapo. Lakini zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 na kuchemka kwenye 907, na moto wa kuchomelea unapita hapo mbali sana. Pale penye kidoti hakuna zinki iliyobaki, na kuzunguka pale hakuna utando. Wala usiuvute ule moshi mweupe. Homa inayokuja jioni, inayofanana na malaria, inatokana na huo moshi.

Turudi kwenye hewa. Kiwango cha ISO 9223 kimegawa mazingira kwa kasi ya kuliwa kwa metali. Katika daraja la C2, sehemu za bara zenye hewa safi, zinki huliwa mikroni 0.1 hadi 0.7 kwa mwaka. Daraja la C5, pwani kali, ni 4.2 hadi 8.4. Juu yake kuna CX, ambapo ni 8.4 hadi 25. Geti lililo hatua sitini kutoka kwenye mawimbi, kusi inavuma kutoka baharini miezi kadhaa mfululizo na kurusha ukungu wa maji ya chumvi, ninalihesabu huko juu kabisa. Chukua mikroni 5 na kasi ya 12 kwa mwaka: miezi mitano. Ndiyo hiyo miezi mitano yako. Mikroni hizohizo 5 Korogwe, hata ukiweka 0.7 kwa mwaka, zinapita miaka saba. Bolti zako zinaweza kuwa halali kabisa, zimetengenezwa kwa ajili ya ndani ya nyumba na mahali pakavu, zikapelekwa kwenye vita visivyo vyao. Na chumvi ya hewani hupungua haraka ukiondoka ufukweni. Mita mia chache nyuma ya minazi, hadithi ingekuwa nyingine.

Jambo moja ambalo mafundi hulishangaa: chunguza bolti za upande wa ndani wa geti, chini ya kipaa, pasiponyeshewa. Mara nyingi hizo ndizo mbaya zaidi. Mvua huosha chumvi, na zinki iliyooshwa na kukauka hujijengea ngozi yake ngumu ya kijivu. Pasipooshwa chumvi inajikusanya, inavuta unyevu wa usiku, na zinki haipati nafasi ya kutulia. Ndiyo sababu kumwambia mlinzi alimwagie geti maji ya bomba mara moja kwa wiki si utani.

Kama bado unataka kujua iwapo muuzaji alikupunja, pima. Mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01 inatosha. Tumia washa (zile pete bapa za chini ya nati) za boksi hilo badala ya bolti, kwa kuwa eneo lake linahesabika. Washa bapa ya M10 yenye upana wa milimita 20, tundu la 10.5 na unene wa 2 ina eneo la sentimita za mraba 6.5, pande zote na kingo zikiwemo. Chukua kumi, zioshe mafuta, zikaushe, zipime. Ziweke kwenye chombo cha plastiki chenye tindikali ya haidrokloriki iliyozimuliwa (tindikali ndani ya maji, kamwe usifanye kinyume), nje penye hewa, ukiwa na glavu na miwani. Zitachemka povu. Povu likipungua ghafla, zinki imekwisha: toa mara moja, suuza, kausha, pima tena. Uzito ukipungua gramu 0.37, ulikuwa na mikroni 8. Ukipungua 0.23, mikroni 5. Ukipata chini ya 0.15, hazifiki hata tatu na nusu, na hapo una haki ya kurudi dukani na sauti ya juu. Maji yale usiyamwage mtaroni wala karibu na kisima. Yana zinki na pengine kromu kidogo, kwa hiyo ipoze tindikali yake kwa chokaa, acha tope litulie, lihifadhi kwenye chupa iliyofungwa.

Sasa la kuchovya mwenyewe. Ya ndoo na betri niliyaona mimi pia. Zinki itashika, sikatai, ila itashika popote inapotaka: nene kwenye kichwa, hafifu kwenye uzi, na itabanduka palipobaki mafuta au kutu. Hiyo ni hasara ndogo. Ninachokukataza kwa nguvu ni dawa ya njano. Kromu ya sita inasababisha saratani, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la kwanza, lile lisilo na shaka. Kabla hujafika huko kwenye saratani, inachimba vidonda vya mikononi visivyopona, na mvuke wake hutoboa ukuta unaotenganisha matundu ya pua. Nimefanya kazi na wazee waliotobolewa hivyo. Umoja wa Ulaya uliibana kwenye vifaa vya umeme kuanzia Julai 2006 na kwenye magari mwaka uliofuata, na ndiyo maana bolti nyingi za leo zina utando wa kromu ya tatu, ambao kwa asili hauna ule unjano mzito. Baadhi ya viwanda huongeza rangi ya njano kwa sababu wateja wameizoea. Kwa hiyo siku hizi hata njano yenyewe haikwambii tena ni utando gani ulio ndani, wala kwamba una ile akiba ya kujiziba.

Kiwanda chenye dawa hiyo huwa na kazi ya pili nyuma ya jengo: kuigeuza kromu ya sita kuwa ya tatu kwa metabisalfaiti kwenye maji yenye tindikali, kisha kuishusha kama tope kwa alkali. Uani kwako, pembeni ya kuku na ndoo za kunywa, hakuna kazi ya pili. Na bolti ngumu, zile zenye alama ya 10.9 au 12.9 kichwani, hata kuzisafisha kutu kwa tindikali usijaribu. Hidrojeni inaingia ndani ya chuma, na bolti inaweza kukatika yenyewe siku mbili baada ya kukazwa, bila kuguswa na mtu. Kiwandani hupikwa kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 190 hadi 220 mara tu baada ya kupakwa zinki, tena kabla ya kuwekwa njano, kwa sababu ile niliyoieleza ya tanuri.

Kwa geti la Pangani, ng'oa zote. Badala yake tafuta bolti zilizochovywa kwenye zinki iliyoyeyuka. Utazitambua kwa kijivu kisichong'aa na ukwaruzo kidoleni. Hizo za M10 hubeba mikroni kama 50, mara kumi ya ulizonazo, na zitakupa miaka badala ya miezi. Zinunue pamoja na nati zake. Nati hizo zimekatwa uzi mpana kidogo makusudi, na ukichanganya na nati za kawaida hazitaingia, au zikiingia kwa nguvu utakwangua zinki yote. Usishtuke ukiona uzi wa ndani wa nati hauna zinki, maana hukatwa baada ya kuchovywa, na zinki ya bolti ndiyo inayoulinda.

Mteja akiwa na uwezo, weka stenlesi ya A4, yenye molibdeni ndani yake. A2, ile stenlesi ya kawaida isiyo na molibdeni, itapata madoa ya rangi ya chai ufukweni. Stenlesi itie grisi kwenye uzi, vinginevyo nati itagandana na bolti katikati ya safari na utaishia kuikata kwa grenda. Kati yake na chuma cha geti weka washa za nailoni, na rangi ya hapo iwe nzima, kwa sababu mbele ya stenlesi chuma chako cha kawaida ndicho kitakacholiwa. Kosa la kuepuka kabisa ni kinyume chake: bolti ndogo ya zinki kwenye bamba kubwa la stenlesi. Hiyo haitamaliza hata kusi moja.

Ukitaka kupaka rangi juu ya bolti za zinki, tumia praima iliyoandikwa kuwa ni ya mabati. Rangi ya mafuta ya kawaida ikikaa moja kwa moja juu ya zinki hugeuka kama sabuni chini kwa chini, ikabanduka vipande vipande. Hilo nadhani umeshaliona kwenye mapaa.

Za njano zilizobaki kwenye boksi usizitupe. Vitanda, makabati, mageti ya Korogwe, Muheza na Lushoto, zitafaa huko kwa muda mrefu tu. Na ile michirizi ya kutu iliyoharibu rangi ya geti la mteja, isugue taratibu kwa kitambaa chenye maji ya ndimu, halafu osha kwa maji baridi mengi. Usiongeze chumvi kwenye ndimu kama tufanyavyo kwenye sufuria.